Jaketi la Mabaka Sokoni: Sheria Inasema Nini Kuhusu Mavazi ya Kijeshi?

Wiki chache zilizopita nilikuwa katika soko la mitumba mjini Kilifi nikitafuta picha za ukurasa wetu wa biashara. Kijana mmoja alikuwa amefungua robota alilolitoa Kongowea usiku uliotangulia. Ndani yake, katikati ya sweta na mashati ya kazi, kulikuwa na majaketi kumi na manne ya mabaka ya kijani, kahawia na meusi. Mengine yalikuwa bado yana vibandiko vya vyeo mabegani na vitambaa vya majina vifuani, majina ya watu wa ng'ambo.

"Haya ndiyo yanatoka, kaka," akaniambia. "Vijana wa boda wanayagombania." Kisha akaona kitambulisho changu cha kazi shingoni, akapunguza sauti. "Lakini wewe ni wa kaunti. Hebu niambie ukweli. Nikiyatundika hapa, mtanishika?"

Nilimwambia nitauliza kisha nirudi. Nilipofika ofisini nikagundua kuwa hata sisi tunaoandika jarida hili hatukuwa na jibu moja. Mwenzangu alisema ni mtindo tu. Mwingine alisema binamu yake alilala kituoni kwa sababu ya suruali. Nikaketi na sheria zenyewe, nikazungumza na wakazi kadhaa, na makala hii ndiyo matokeo yake.

Tuanze na swali la yule kijana. Serikali ya kaunti inahusika na soko: leseni ya biashara, kibanda, usafi na ushuru wa kila siku. Hayo tumepewa na Jedwali la Nne la Katiba. Ulinzi wa taifa na polisi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa kwa mujibu wa jedwali hilo hilo. Kwa hiyo askari wa kaunti hapiti sokoni kutafuta kombati. Lakini upande wa pili ni huu, na wafanyabiashara wengi huusahau: leseni ya kaunti haihalalishi bidhaa ambayo sheria ya nchi imeikataza. Ukiwa na leseni iliyolipiwa hadi Desemba na polisi wakakuta sare ya jeshi kibandani mwako, ile leseni haitakusaidia.

Sheria yenyewe ni ya siku nyingi. Imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 184. Kinasema kwamba mtu ambaye hatumikii jeshi wala polisi haruhusiwi kuvaa sare ya vikosi hivyo bila idhini. Hakiishii kwenye sare halisi iliyotoka stoo ya jeshi. Kinagusa pia vazi lolote lenye mwonekano wa sare hiyo, au lililobeba alama zake maalum. Tena ni kosa zito zaidi kulivaa kwa namna inayoweza kuidharaulisha sare, kwa mfano ukiwa umelewa chakari na kuzua vurugu baa. Na mfanyabiashara asidhani kifungu hicho kinamhusu mvaaji peke yake. Kuingiza nchini, kuuza au kuweka kwa ajili ya kuuza sare hizo, vifungo vyake au beji zake bila kibali ni kosa pia.

Hapo kwenye maneno "mwonekano wa sare" ndipo ubishi wote ulipo. Je, suruali ya kijani kibichi yenye mifuko mapajani ni sare? La. Wavuvi wanavaa, mafundi wanavaa, nami ninayo moja. Fulana ya mtoto yenye mabaka ya waridi na zambarau je? Sijui askari wa nchi gani atajificha kichakani na rangi hizo. Lakini jaketi la mabaka ya msituni lililotoka katika jeshi la Ulaya au Marekani ni jambo jingine. Mwenye kulivaa atakwambia, na kwa haki kabisa, kwamba mabaka hayo si ya KDF. Wakili wake anaweza kulisema hilo mahakamani na pengine akasikilizwa. Tatizo ni kwamba kabla ya mahakama kuna barabara, kuna saa mbili usiku, na kuna afisa mwenye tochi ambaye hana nafasi ya kupima umbo la kila baka. Anachokiona ni mtu aliyevaa kama mwanajeshi. Ukiongeza buti nyeusi, bereti na vibandiko vya cheo mabegani, umemrahisishia kazi ya kukushuku.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa vijana ni mkali kidogo kuliko maneno ya sheria: mabaka ya msituni ya mtu mzima yaache, hata kama unaamini utashinda kesi. Na vibandiko vya vyeo, beji na nembo usiviguse kabisa. Kwenye hivyo hakuna cha kubishania.

Sheria ina mlango mmoja iliouacha wazi. Mchezo wa kuigiza jukwaani, maonyesho ya muziki au ya sarakasi, na uigizaji halali wa mambo ya kijeshi havikatazwi. Kwa hiyo shule inayopeleka mchezo wenye wanajeshi kwenye mashindano ya tamasha la drama haijavunja sheria kwa kumvalisha mwanafunzi kombati akiwa jukwaani. Mwalimu ahakikishe tu kwamba zile nguo zinavuliwa na kufungwa kwenye sanduku tamasha likiisha. Mwanafunzi akipanda matatu kurudi nyumbani nazo, jukwaa limeisha. Wanamuziki wetu wanaopiga video mitaani nao wanafaa kusikia hili. Mtaa wenye watu wanaopita na shughuli zao si ukumbi wa maonyesho, na mpita njia aliyeona watu watano wenye mabaka na bunduki za plastiki hatajua kuwa kuna kamera kwenye kona. Zungumzeni na kituo cha polisi cha eneo hilo kabla, mpate idhini kwa maandishi.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuuliza: haya yote ni kwa ajili ya nguo? Nami nilijiuliza hivyo, hadi nilipozungumza na mama mmoja wa upande wa Ganze ambaye ameniruhusu kusimulia yaliyomkuta bila kumtaja jina.

Mwaka huo mwanawe wa pili alikuwa amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Katika matanga ya jirani alitokea mwanamume mwenye umri wa miaka arobaini hivi, amevaa kombati kamili iliyopigwa pasi, buti zinang'aa, bereti imekunjwa vizuri begani. Alisema ni rafiki wa marehemu na anafanya kazi Mombasa, katika kambi ya jeshi la majini. Alipewa kiti cha mbele. Wazee walimpa nafasi ya kusema machache, naye akasema machache kweli, kwa adabu. Alikula na watu, akasaidia hata kubeba viti. Jioni, wakati wa kuondoka, ndipo alipomvuta yule mama kando na kumwambia ana nafasi mbili mkononi za makurutu, moja tayari imechukuliwa.

"Mwanangu, sikumuuliza hata kitambulisho," aliniambia. "Ungemuulizaje mtu aliyevaa serikali?"

Aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba la minazi alichoachiwa na mumewe. Pesa zikatoka mara tatu: za fomu, za daktari, za kile alichokiita mkubwa wa ofisi. Baada ya miezi miwili barua ililetwa, ina nembo, ina muhuri, ina tarehe ya kuripoti Eldoret katika chuo cha mafunzo ya makurutu. Kijana akasindikizwa na kijiji. Alisafiri usiku kucha hadi Mombasa, Nairobi na Eldoret akiwa na sanduku la bati na kila kitu kilichoorodheshwa kwenye barua. Langoni barua ilitazamwa mara moja tu. Aliambiwa jina lake halimo, barua ni ya bandia, na hakuwa peke yake asubuhi ile. Yule mwanamume hakupatikana tena kwenye simu.

Nimelirefusha kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu kinaonyesha kazi iliyofanywa na vazi. Ondoa ile kombati kwenye hadithi. Baki na mwanamume mgeni mwenye shati la maua anayedai ana nafasi za jeshi. Yule mama, ambaye ameendesha duka kwa miaka mingi na hakopeshi mtu ovyo, angemtaka kitambulisho, angempigia simu mtu Mombasa, angemwita kaka yake. Sare ndiyo iliyouliza maswali yote na kuyajibu kwa niaba yake. Tapeli hakuhitaji kusema uongo mwingi.

Basi tuyaweke wazi mambo ya usajili, maana msimu ukifika simu za ofisi hii hulia. Zoezi la kusajili makurutu wa KDF hutangazwa hadharani, magazetini na katika tovuti ya jeshi, pamoja na vituo na tarehe. Hufanyika uwanjani, mchana, mbele ya watu. Ni bure. Hakuna ada ya fomu, ya daktari wala ya mkubwa. Anayefaulu hupewa barua yake kwenye zoezi lenyewe. Hakuna afisa anayetembea na nafasi mfukoni matangani. Na mzazi anayelipa ajue kwamba naye anajiweka pabaya, kwa kuwa kutoa hongo ili upate ajira ya umma ni kosa. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wakae kimya baada ya kutapeliwa, na ukimya huo ndio unaompa yule mtu nafasi ya kwenda kijiji cha pili.

Sheria inamtazama mtu kama huyo tofauti na kijana wa boda mwenye jaketi. Kifungu cha 184 ni cha vazi, na adhabu yake si kubwa. Lakini mtu anapojifanya mtumishi wa umma na kutenda jambo kwa jina hilo anaangukia kifungu cha 105 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kifungo chake hufika miaka mitatu. Akichukua pesa kwa uongo, kuna kifungu cha 313 cha kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, ambacho nacho hufika miaka mitatu. Mashtaka haya yanaweza kuwekwa pamoja katika kesi moja.

Utamjuaje mwanajeshi wa kweli, basi? Swali hili nimeulizwa sana, na jibu langu ni kwamba usilitazame vazi. Tazama anachokitaka. Katiba, kifungu cha 241, imeeleza kazi za Majeshi ya Ulinzi: kuilinda nchi, kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na kurejesha amani penye ghasia kwa idhini ya Bunge la Kitaifa. Tuliwaona katika mafuriko wakivusha watu na kugawa chakula. Humo hamna kukagua leseni ya duka, kudai hesabu za hoteli, kusimamisha boda kwa kukosa kofia au kukusanya deni la mtu. Mtu mwenye kombati anayekuja kibandani kwako peke yake kudai pesa au simu, hata kama ni mwanajeshi kweli, yuko nje ya kazi yake. Una haki ya kumwambia muende wote kwa chifu au kituo cha polisi. Mkweli hatakataa.

Kwa polisi mambo ni tofauti kidogo kwa sababu wao wana kazi nasi kila siku. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana. Isome. Iandike kiganjani ukihitaji. Wale wa upelelezi hawavai sare, lakini wana vitambulisho vya kazi, na kuomba kukiona kwa heshima si ukaidi. Hapa kwetu kuna jambo la ziada: tuna msitu wa Arabuko-Sokoke, tuna askari wa misitu na wa wanyamapori, tuna kambi ya jeshi Mariakani. Mkazi wa Gede au Mariakani huona sare za kijani za aina tatu au nne kwa wiki moja na macho yake yamezoea. Mazoea hayo hayo ndiyo tapeli anayoyategemea.

Ukimshuku mtu, usijaribu kumkamata wewe. Huenda ana silaha, na huenda pia ni afisa halisi aliye kazini. Sogea mbali, piga 999 au 112, ama nambari ya bure ya idara ya upelelezi, 0800 722 203. Mzee wa kijiji na chifu nao wajulishwe. La kupiga yowe la "mwizi" tusilifanye. Umati hausikilizi maelezo, na mtu aliyevaa jaketi la mitumba hastahili kuchomwa moto kwa sababu ya rangi yake.

Nami sitakuwa mkweli nikiliacha lingine. Vijana kadhaa niliozungumza nao hawakulalamika kwamba walikamatwa. Walilalamika kwamba walivuliwa nguo barabarani, wakachapwa, au wakaombwa "kitu kidogo" jaketi lirudi. Hakuna sheria inayoruhusu hayo. Ukikamatwa kwa sababu ya vazi, kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa mara moja sababu, katika lugha unayoielewa, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili au mtu wako, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa saa hizo zimeangukia wikendi au sikukuu. Kazi ya kuadhibu ni ya hakimu. Aliyedhulumiwa na polisi anaweza kupeleka malalamiko kwa IPOA, nambari ya bure 1559.

Kuna nyumba nyingine zina sare za kweli na hazijui zifanye nini nazo. Baba alistaafu jeshini miaka ya themanini, akafariki, na sandukuni kuna shati, mkanda na bereti yake. Naelewa uzito wake. Ni kumbukumbu ya mzee. Lakini siku mjukuu atakapoitoa na kwenda nayo disko matanga, haitakuwa kumbukumbu tena. Njia rahisi ni kuzungumza na chifu kwanza, kisha kwenda naye kukabidhi kituoni au kambini, mkaandikiane. Usiitie kwenye mfuko na kuanza safari peke yako, maana ukikaguliwa njiani maelezo yatakuwa marefu. Picha yake akiwa amevaa sare ibaki ukutani, hiyo haina shida.

Walinzi wa kampuni binafsi na mabaunsa wa vilabu wana kanuni zao chini ya sheria ya mwaka 2016 inayosimamia ulinzi binafsi. Mwenye kilabu anayewavisha mabaunsa mabaka ili waogopwe anafaa kubadilisha kabla hajaulizwa. Na vikundi vya vijana, vya ulinzi wa mtaa au vya kampeni za siasa, vinavyoshona sare za kijeshi na kufanya gwaride, vinakaribia jambo zito zaidi: kifungu cha 239 cha Katiba kinakataza mtu kuanzisha kikosi cha kijeshi au mfano wake nje ya sheria. Fulana za rangi moja zinatosha.

Kwa wanaosafiri, majirani zetu si wapole zaidi. Mnamo Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Uganda mwaka 2019 iliiweka hata bereti nyekundu katika orodha ya mavazi ya jeshi kwenye gazeti rasmi la serikali. Kwa hiyo dereva anayevuka Lunga Lunga kwenda Tanga akague begi lake, na la utingo wake pia.

Alhamisi iliyopita nilirudi sokoni kama nilivyoahidi. Nilimweleza yule kijana yote haya, akanisikiliza huku akipiga hesabu kwa vidole. Aliuliza kama akiyatia rangi nyeusi itasaidia. Nilimwambia jaketi jeusi lisilo na beji wala mabaka ni jaketi tu, lakini ayatoe kibandani kwanza, na kabla ya kununua rangi aende kwa afisa wa kituo amweleze alivyoyapata, kwa sababu yalikuja katika robota lililofungwa ambalo mnunuzi haoni ndani. Alienda, mimi nikiwa naye. Vibandiko na vitambaa vya majina vilibaki kituoni pamoja na majaketi tisa yaliyokuwa na mabaka ya wazi zaidi. Aliondoka na matano na onyo. Robota lilikuwa limemgharimu karibu akiba yake yote ya mwezi, na wa Kongowea alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mali ikifunguliwa hairudi.

"Sasa niandikie hiyo gazetini," akaniambia tukitoka, "wenzangu wafungue robota wakijua."